Tengeneza pango kwenye chupa ya maji, utajua kwanini Dar hatuwezi kuwa na shimo la kilomita mbili

Juzi kati mpwa wangu kanijia na simu mkononi, kuna klipu ya wazungu wanashuka na kamba kwenye shimo ambalo mwisho wake hauonekani, akaniuliza anko hili shimo nani kalichimba. Nikamwambia limechimbwa na maji ya mvua. Akaniangalia weee, alafu akasema anko mvua si inanyesha kila mwaka hapa Tegeta mbona mashimo yetu yote ni ya barabarani tu?

Swali la maana kabisa lile bana, na kulijibu kwa mdomo nikashindwa, ikabidi tuingie jikoni. Kwaiyo hii naandika kwa yeyote mwenye mtoto msumbufu wa maswali, au yeye mwenyewe ndo msumbufu, tunatengeneza pango la mkononi kwa vitu vya duka la Mangi, na ukimaliza utaweza kuangalia mlima wowote ukakadiria kama unaweza kuwa na pango la kwenda chini sana au hauwezi. Gharama haifiki elfu tano kama chupa umeokota.

Kwanza jiwe. Usianze na chupa, anza na jiwe, maana watu wengi wanadhani maji yanachimba pango kwa nguvu kama sururu. Nguvu ipo, kuna mito inapita ndani ya mapango na mchanga wake unasugua kweli, ila kazi kubwa ni ya kuyeyusha. Chukua kokoto mbili, moja iwe zile nyeupenyeupe za Kunduchi, za matumbawe, nyingine iwe zile ngumu za kijivu zinazoletwa na malori kutoka Lugoba. Kama mtaani kwenu kuna mtu anajenga hizo zote hazikosekani, omba tu. Zioshe, zikauke, alafu dondoshea kila moja siki kidogo. Ya Kunduchi itatoa povu, ukisogeza sikio utasikia kabisa inachacharika kama soda iliyofunguliwa. Ya Lugoba kimyaaa, imelowa tu. Kama povu ni dogo kwaruza jiwe kwa kisu upate unga kidogo, unga ndo unatoa povu haraka zaidi.

Hapo umeona robo tatu ya somo. Matumbawe ni mawe chokaa, yametengenezwa na mifupa ya viumbe vya baharini, na chokaa ikikutana na asidi inayeyuka na kutoa gesi, gesi yenyewe ndo ileile ya kwenye soda, kabonidayoksaidi. Mawe ya Lugoba ni ya jamii nyingine, asidi nyepesi kama ile haiyafanyi kitu cha kuonekana. Kilima cha Wazo hapa jirani yetu kinachimbwa kila siku kwa ajili ya simenti kwa sababu ni chokaa hiyohiyo, kwaiyo malighafi ya pango tunayo, tena nyingi, tunaisaga tunajengea nyumba.

Sasa mvua inapata wapi asidi? Tone likiwa linashuka linabeba kabonidayoksaidi kidogo ya hewani, ila mzigo mkubwa linaupata ardhini, kwenye udongo wenye mizizi na majani yanayooza na wadudu, kule hewa iliyojificha kati ya chembe za udongo ina gesi hiyo nyingi kuliko hii tunayovuta sisi. Maji yakishalewa hiyo gesi yanakuwa na asidi nyepesi sana, nyepesi kuliko siki, nyepesi kuliko hata hiyo soda unayokunywa. Udhaifu wake unafidiwa na mda. Miaka laki, miaka milioni, maji yanaingia kwenye ufa mdogo ambao hata wembe haupiti, yanalamba kidogo, ufa unapanuka, maji mengi zaidi yanapita hapo kwa sababu pamekuwa papana, na yakipita mengi yanalamba zaidi. Ufa uliotangulia unawanyang'anya wenzake maji wote. Si mnajua maji hufuata mkondo, basi huku chini ya ardhi mkondo nao unayafuata maji.

Ukitaka jaribio la wavivu, iache ile kokoto ya Kunduchi kwenye glasi ya siki wiki nzima, kila siku mbili unamwaga siki iliyochoka unaweka mpya. Yetu ilitoka na vitobo kama imeliwa na mchwa na kona zake zote zimekuwa duara. Tafadhali iwe glasi ya kutupa au chupa ya jemu, mimi nilitumia kikombe cha mgeni, nikasemwa mpaka nikajuta.

Haya sasa pango lenyewe.

Unahitaji chupa tatu za maji zile za lita moja na nusu, safi, zisizo na rangi ili uone ndani. Mbili kata shingo zake, ya tatu iache nzima. Chumvi ya unga ile ya pakiti, nunua pakiti kama tatu au nne. Wengine wanatumia sukari na inafanya kazi vizuri tu, ila kwa bei ya sukari sasaivi ukimwaga kilo nzima kwenye mchezo jiandae kulala sebuleni, na pia kuna sisimizi, nitarudi huko. Unga wa ngano kidogo. Spoku ya baiskeli mbili, au waya wowote mgumu ulionyooka. Msumari wa kupashia moto. Rangi ya chakula, ile nyekundu au kijani ya kuwekea kwenye keki. Na beseni.

Usidharau chumvi ukadhani nimeleta mchezo wa watoto, mapango ya chumvi yapo kweli duniani, kuna moja linaitwa Malham kule Israel kwenye Mlima Sodom karibu na Bahari ya Chumvi, lilipopimwa likatangazwa 2019 kuwa lina zaidi ya kilomita 10. Chumvi inayeyuka haraka sana, ndo maana mapango yake yanadumu sehemu kavu tu. Na sisi tunaitaka kwa sababu hiyohiyo, hatuna miaka milioni, tuna wikiendi.

Pasha msumari, chupa ya kwanza itoboe chini kabisa pembeni, kitobo kimoja tu saizi ya spoku. Chupa ya pili itoboe ubavuni, juu kutoka kwenye kitako kama upana wa viganja viwili vya mtoto, yani katikati ya pale chumvi itakapofika. Hiyo tofauti ya kitobo ndo roho ya jaribio lote, mengine yote ni maandalizi tu. Vizibe kwa mda na kipande cha plasta au karatasi ya gundi.

Weka chumvi kwenye bakuli, nyunyizia maji kidogo mno, mno yani, iwe kama mchanga wa kujengea ngome za ufukweni, ukiikamata inashikana ila haitoi maji. Kabla hujaimwaga kwenye chupa, simamisha spoku ndani ikiwa imegusa ukuta wa plastiki, kutoka juu mpaka usawa wa kitobo. Alafu shindilia chumvi kidogokidogo kwa mwiko wa mbao, tabaka kwa tabaka, mpaka ifike zaidi ya nusu ya chupa. Anika juani siku mbili. Kama ni miezi ya masika hii kazi achana nayo, hewa ya Dar ina unyevu mwingi, chumvi haikauki ng'o, subiri Juni au Julai jua kavu. Mimi mara ya kwanza nilitumia chumvi ya mawe ile ya chengachenga nikaona nimebana matumizi, maji yalipita katikati ya chenga kama yanapita kwenye kokoto, hakuna pango hakuna chochote, chumvi ikabomoka ikawa uji. Somo nililopata ni kwamba jiwe zuri la kufanya pango ni lile lililoshikamana lenye nyufa chache, ili maji yalazimike kupita njia moja na kuipanua. Likiwa na matundu kila mahali kama sponji maji yanasambaa yanapoteza nguvu.

Ikishakauka, ichomoe spoku taratibu ukiwa unaizungusha. Itaacha tundu jembamba limeegemea ukuta unaliona kabisa kwa nje. Huo ndo ufa wako. Kanda unga wa ngano na maji uwe mgumu kama wa chapati, funika juu ya chumvi kama godoro, acha kitundu pale tu ufa ulipo. Bandua plasta kwenye vitobo, chupa zote mbili ziweke kwenye beseni.

Ile chupa ya tatu toboa kizibo chake na sindano, ijaze maji, igeuze kichwa chini, toboa na kitako ili hewa iingie, ining'inize idondoshee pale kwenye kitundu. Tone moja kila sekunde mbili tatu linatosha. Ukiwa na haraka ukamwaga kwa kikombe utabomoa kila kitu. Fanya kwa chupa moja alafu hamia nyingine, au tengeneza dripu mbili.

Angalia sasa. Kwenye chupa ya kitobo cha chini, tundu linaanza kupanuka kuanzia juu, linakuwa bomba, kuna sehemu linavimba kama chumba, kuna sehemu linabana, na maji yanatoka chini yakiwa na chumvi kali, onja kwa ulimi kidogo. Baada ya saa kadhaa una shimo kutoka juu mpaka kitako. Wakati mwingine paa linaporomoka na unga unadidimia katikati, usisikitike, hilo nalo ni jambo halisi, kuna sehemu duniani ardhi inatitia ghafla kwa sababu pango la chini limezeeka limekosa paa.

Kwenye chupa ya kitobo cha ubavuni mambo ni tofauti. Tundu linapanuka mpaka usawa wa kitobo, maji yanatoka hapo ubavuni yanaenda zake, na yale yaliyozama chini yanakaa palepale, yameshiba chumvi, hayana hamu ya kula tena. Hata udondoshee mpaka kesho, chini ya kitobo hakuna jipya la maana. Mpwa wangu aliliona kabla yangu, akasema anko hapa limegoma kwa sababu maji hayana pa kutokea.

Ndo jibu lenyewe hilo! Kina cha pango kinaamuliwa na vitu viwili, pale maji yanapoingia na pale yanapotokea. Ukitaka shimo la kilomita mbili lazima mvua iingie ardhini juu sana, chemchemi itokee chini sana, na katikati yote iwe chokaa bila kukatika. Ukikosa kimoja umekosa yote.

Sasa ichukue hiyo akili uende nayo Georgia, kwenye milima ya Caucasus, eneo la Abkhazia, kuna mlima wa chokaa unaitwa Arabika umesimama juu ya Bahari Nyeusi. Hapo ndo lilipo Veryovkina, pango lenye kina kirefu kuliko yote yanayojulikana, mita 2,200 na ushee. Mdomo wake uko kama mita 2,285 juu ya usawa wa bahari. Piga hesabu mwenyewe, sakafu yake ya mwisho imebakiza mita sabini na kitu tu kuwa sawa na bahari. Yani ni chupa ya kitobo cha chini kabisa, mlima umetumika wote. Kwa macho ya Dar chukua yale majengo pacha ya PSPF pale mjini, kila moja lina kama mita 150, panga kumi na nne moja juu ya jingine uyatumbukize, na bado hujafika chini.

Jirani yake kwenye mlima huohuo kuna Krubera, wengine wanaliita Voronya, nalo linacheza kwenye mita 2,200 hivi. Hilo ndo lilikuwa pango la kwanza binadamu kuvuka mita 2,000, mwaka 2004, timu ya Waukraine. Kabla ya hapo dunia ilishangilia kuvuka mita 1,000, kwenye Gouffre Berger kule Ufaransa mwaka 1956. Veryovkina yenyewe mdomo wake ulijulikana tangu 1968 ila watu walikuwa wanakwama juujuu huko, mpaka 2017 na 2018 timu ya Warusi wa Moscow ndo wakafika chini.

Na sasa ile rangi ya chakula. Dondoshea matone matano kwenye kitundu cha juu alafu shika saa ya simu, hesabu inachukua mda gani kutokea kwenye beseni. Mchezo huu unaonekana wa kitoto ila wataalamu waliufanya Arabika mwaka 1984, wakiongozwa na Alexander Klimchouk, walimwaga rangi kwenye mapango ya juu mlimani, wakaenda kusubiri kwenye chemchemi za pwani, ikatokea. Kwaiyo walijua kwamba njia ya maji ya zaidi ya kilomita mbili kwenda chini ipo, miaka ishirini kabla ya mtu yeyote kuipita. Mimi hapo ndo nawavulia kofia, siyo kwenye kamba.

Ukitoka hapo utaelewa listi nyingine yote ya mapango yenye kina bila kukariri. Austria na Ufaransa wana mapango ya mita 1,600 mpaka 1,700 na kitu kwa sababu Alpes ni milima mirefu ya chokaa. Mexico wanayo Huautla na Cheve, yamevuka mita 1,500, milima ya Oaxaca. Afrika la kwetu lenye kina zaidi ni Anou Ifflis, Algeria, kwenye milima ya Djurdjura, zaidi ya mita 1,100. Kote huko ni chokaa iliyonyanyuliwa juu.

Mtu ataniuliza, si tuna Kilimanjaro mita 5,895? Nilitegemea hilo. Rudi kwenye siki. Mawe ya Kilimanjaro ni ya volkano, yadondoshee siki hutaona povu. Urefu upo, kuyeyuka hakuna. Milima ya volkano ina mapango yake ya aina nyingine, lava inatiririka, ngozi ya juu inaganda, ya ndani inaendelea kukimbia mpaka inaisha, linabaki bomba tupu. Kenya wanayo kwenye milima ya Chyulu na Suswa. La Kazumura kule Hawaii ni refu zaidi ya kilomita 65 na linashuka mita 1,100 hivi, ila halikuchimbwa na maji, limefuata mteremko wa mlima tu.

Na Dar? Chokaa tunayo ila tuko chini, bahari hii hapa. Maji yakiingia ardhini Kunduchi au Msasani yanashuka kidogo tu yanakutana na usawa wa bahari. Sisi ni chupa ambayo kitobo kiko karibu na mdomo kabisa. Ndo maana mapango ya pwani yetu ni mafupi, mengine ni kazi ya mawimbi tu, nenda Coco Beach maji yakitoka uone miamba ilivyoliwa kwa chini imebaki kama mwavuli. Na yale ya Pugu yenye popo ambayo watu wanapigia picha, yale ni mashimo ya watu, palichimbwa udongo mweupe wa kaolini, usije ukamwambia mtoto ni pango la asili.

Tanga ndo tuna la kujivunia, Amboni, kilomita chache tu kutoka mjini, chokaa ya zamani kweli, wajiolojia wanaiweka enzi ya Jurasiki. Ukiingia mwongozaji atakupa hadithi kwamba njia moja inatokea Mombasa na nyingine Kilimanjaro, kuna mbwa aliingia huku akatokea kule. Hadithi tamu, nimeisikiliza mara mbili na nitaisikiliza tena, ila wewe mwenye chupa mbili jikoni unajua la kuuliza, maji yaliyochimba hiyo njia yaliingilia wapi na yakatokea wapi? Mombasa nako ni pwani kama Tanga, usawa uleule. Na Kilimanjaro tumeshamalizana nayo.

Kuna jambo moja la kukuvuruga kidogo, niseme ukweli. Sio mapango yote yanachimbwa na maji yanayoshuka. Mengine yanachimbwa na maji yanayopanda kutoka chini, ya moto, yana gesi yake. Jamhuri ya Czech kuna shimo la Hranice, ambalo wengi wamekuwa wakilihesabu humo ingawa wataalamu bado wanabishana, limejaa maji, mwaka 2016 walishusha roboti likafika mita 404 ndani ya maji na chini hawakuiona. Kwaiyo ile sheria ya kitobo ni ya mapango ya mvua, ambayo ndo mengi.

Kusoma namba nako kuna ujanja wake. Kina cha pango ni tofauti ya mdomo wa juu kabisa na sehemu ya chini kabisa iliyofikiwa, sio umbali uliotembea. Ndo maana pango linaweza kuongezeka kina bila mtu kushuka hata hatua moja, wakigundua mdomo mwingine huko juu mlimani unaoungana nalo, namba inapanda. Usichanganye na urefu pia, Mammoth Cave ya Marekani ndo refu kuliko yote, zaidi ya kilomita 680 za njia zilizopimwa, lakini kwa kina hata hesabuni haimo. Na ile meseji inayozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ya shimo la kilomita 12 lenye sauti za kuzimu, lile ni tundu la kuchimbwa na mashine, Kola, Urusi, mita 12,262, na upana wake ni kama sahani. Hapiti mtu pale, sembuse shetani.

Sasa yale mawe ya kuning'inia, maana pango bila hayo mtoto anaona umemdanganya. Kwanza fungua jagi lako la umeme la kuchemshia maji, hasa kama mnatumia maji ya kisima. Ule ukoko mweupe chini ni chokaa. Maji yalipokuwa ardhini yaliiyeyusha, ukayachemsha gesi ikaondoka, chokaa ikakosa wa kuibeba ikajibandika. Pangoni ni vilevile bila moto, tone linaning'inia darini, gesi inatoka kidogo, chokaa inabaki kidogo, tone linadondoka, linaacha nyingine sakafuni. Kwa kawaida jiwe la kuning'inia linaongezeka kama sentimita 10 kwa miaka elfu, kuna ya haraka na ya polepole. Ndo maana ukienda Amboni ukavunja kipande cha kidole ukaweka mfukoni, umeondoka na kazi ya karne nyingi. Usivunje, na usishikeshike, mafuta ya vidole yanaharibu.

La kwako la nyumbani litengeneze hivi, yeyusha magadi soda kwenye maji ya moto mpaka mengine yagome kuyeyuka, gawa kwenye glasi mbili, unganisha kwa uzi wa sufu wenye kuning'inia katikati, chini weka kisosi. Tone litatambaa kwenye uzi, litadondokea kisosini, baada ya siku chache kuna kidole cheupe. Hii ni kwa sababu maji yanakauka, sio gesi, kwaiyo ni ndugu wa mbali tu wa jambo halisi. Watoto wasiguse, magadi yanawasha macho.

Kama hamu imekupanda ya kuingia pango la kweli, usiingie peke yako, tochi tatu kwa mtu mmoja na ya simu usiihesabu, mtu wa nje ajue saa ya kurudi kwenu, na angalia mvua, sio ya hapo ulipo tu, hata ya huko juu maji yanakotokea. Hata mabingwa inawapata, Veryovkina mwaka 2018 timu ilikuwa kule chini kabisa maji yakaanza kupanda kutoka chini kuja juu, wakaacha kambi na vifaa wakakimbilia kamba, wakatoka wote wazima ila kwa mbinde. Na pango lenye popo wengi liangalie kwa mbali. Popo wa matunda wanahifadhi kirusi cha Marburg, pango la Kitum kwenye Mlima Elgon, Kenya, lile ambalo tembo huingia kuchimba chumvi, limehusishwa na wagonjwa wawili, 1980 na 1987. Sio kutishana, ni kwamba selfi na popo haina faida.

Sisimizi nilisema nitarudi. Ukitumia sukari, weka chupa kwenye beseni lenye maji pande zote, la sivyo asubuhi utakuta pango lina wakazi. Na la chumvi ukimaliza usimwage maji yake kwenye maua ya mtu, mimi nimeua mchaichai mmoja hivihivi.

Kitu cha mwisho tulichofanya hakikuhitaji kununua chochote. Chini ya ngazi za ghorofa tunalokaa kuna zege linavuja, na pale linapovuja pameota kijiti cheupe, chembamba kama mrija wa soda, kitupu ndani. Hiyo ni chokaa ya kwenye simenti, inaota haraka mara nyingi zaidi kuliko ya pangoni kwa sababu kemia yake ni tofauti kidogo. Tafuta kwenu, chini ya madaraja na kwenye pakingi za chini ya majengo vimejaa. Mpwa wangu akawa anakipima kila Jumapili kwa rula, anaandika kwenye daftari la hesabu nyuma, wiki sita kimeongezeka unaona kabisa. Wiki ya saba fundi akaja kuziba kuvuja, akakikwangua kwa mwiko wake bila hata kukitazama, akapaka plasta. Dogo hakula siku hiyo. Jana kanipigia simu anko, njoo, maji yameanza kutokea upande wa pili.